Mpunga Sebuleni

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, baba alikuwa akiichukua redio juu ya kabati, anaiweka kwenye dirisha la nyuma, anaigeuza uso itazame uani, kisha anaongeza sauti mpaka mwisho. Halafu anarudi kukaa kwenye kiti chake upande wa pili wa chumba, pembeni kabisa, mahali ambapo maneno yalifika yakiwa yamechoka. Ilikuwa saa ya utabiri wa hali ya hewa. Utabiri ukiisha anainuka, anapunguza sauti, anairudisha redio kabatini, na siku yetu inaanza.

Mama alisema ni masikio ya utu uzima. Nami niliamini hivyo, ingawa masikio hayohayo yalisikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa jikoni.

Nyumba yetu aliijenga babu, na alipofariki wanawe wawili waligawana bila ugomvi. Sisi tulichukua vyumba vya mbele. Baba mdogo alichukua vya nyuma, vinavyofungukia uani. Katikati palikuwa na sebule, mali ya wote, yenye viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa alivyofuma bibi. Kila upande ulikuwa na mlango wake wa kuingilia sebuleni. Wakati ninaousimulia, milango yote miwili ilikuwa imefungwa kwa zaidi ya mwaka, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari jikoni ukiota kutu.

Chanzo kilikuwa kidogo, kama vyanzo vingi. Mwaka uliotangulia, msimu wa kupandikiza, redio ilisema mvua zitachelewa. Baba akamshauri mdogo wake angoje. Baba mdogo akajibu kwamba miche yake imeshakua, ikingoja zaidi itazeeka kitaluni, akaipandikiza. Mvua haikuja. Lilikuja jua ambalo hata wazee hawakuwa na mfano wa kulilinganisha. Majaruba yakapasuka hadi ungeweza kuingiza kiganja kwenye ufa, na miche ikageuka rangi ya mkeka. Siku moja watu wakiwa wamekusanyika mferejini kugawana maji yaliyobaki, baba akamtazama mdogo wake akasema, "Asiyesikia la mkuu." Hakumalizia. Hakukuwa na haja, kila mtu alimalizia moyoni, na wawili watatu wakacheka. Baba mdogo akaweka jembe begani akaondoka. Tangu siku ile hakumsemesha tena kaka yake.

Hawakutukanana. Walikutana njiani kwenda shambani, wakapishana kama watu wawili wanaotafuta anwani tofauti. Likitokea jambo la lazima, lilipitia kwa mama. Mama na baba mdogo walikuwa wanataniana tangu zamani, kwa sababu ya ushemeji na kwa sababu baba mdogo alikuwa hajaoa, jambo ambalo mama hakumpa nafasi ya kulisahau.

Mwaka huo mpunga ulikubali. Baba alipanda mbegu yake ya siku zote, ile ndefu inayonukia, yenye masuke ya ndevu. Baba mdogo, kwa kulikumbuka lile jua, alipanda mbegu mpya inayokomaa upesi, fupi, suke lake halina ndevu hata moja. Mama aliuita mpunga kipara, akasema umefanana na mwenyewe. Baba mdogo alishika kichwa chake kinachong'aa akajibu kwamba angalau yeye havuni nywele.

Kwa kuwa mwenye mbegu ya haraka ndiye aliyechelewa kupanda, mipunga ikaiva pamoja. Wakakata, wakafunga miganda, kila mtu akapanga lundo lake kwenye kichuguu kati ya majaruba, wakisubiri ikauke vizuri ndipo waipure. Ilikuwa kiangazi. Kwa kawaida mwezi ule ungeweza kusahau nguo kwenye kamba wiki nzima na isipate hata umande.

Siku moja redio ikasema mvua kubwa zisizo za msimu zinakuja nyanda za juu, na watu wa kandokando ya mito wajihadhari. Baba aliinuka akajaribu kuongeza sauti iliyokuwa tayari mwisho. Uani, baba mdogo alikuwa anapiga mswaki. Nilimwona akitema povu, akiingia ndani, akifunga dirisha lake kwa kishindo. Baba alilitazama lile dirisha kwa muda, kisha akavaa kofia akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Kesho yake alfajiri redio ilikuwa dirishani kama kawaida. Msomaji alikuwa ndiyo kwanza anasalimia wasikilizaji, mlango wa mbele ukafunguka. Mlango wa mbele, ambao baba mdogo hakuwa ameuvuka tangu mwaka jana. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, miguu tope tupu. Hakumtazama baba. Alimtazama mama, aliyeshika birika.

"Shemeji, mwambie mumeo mto umetoka. Mpunga umekwenda."

Mama akageuka, akamwambia baba, aliyekuwa kakaa karibu kiasi cha kuguswa, kwamba mpunga umekwenda. Baba akamwambia mama aulize ni mpunga wa nani. Mama akauliza.

"Wote," akasema baba mdogo.

Baba alishaanza kuvaa viatu.

Tulichokikuta hakikuhitaji maelezo. Majaruba hayakuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia kana kwamba yamekuwapo hapo siku zote, na mahali ambapo watu walikuwa hawajakata, ncha za masuke zilionekana kidogo halafu zikapotea. Jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo wa jaruba lake mikono nyuma, anatazama tu. Kichuguu chetu kilikuwa kitupu. Lakini chini zaidi, pale barabara inapovuka mfereji, miganda ilikuwa imekwama mdomoni mwa kalavati. Maji yalikuwa yameisukuma yote huko yakaibana, ya ndevu na kipara, ikawa lundo moja kubwa kama nyumba ya ndege asiyejua kujenga.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kuingia majini. Baba akaingia upande wa pili. Wakavuta miganda na kuirusha barabarani, mama na mimi tukaipokea. Bado tunavuta, akatokea Breki na mkokoteni wake. Jina hilo tulimpa kwa sababu mkokoteni ulikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo. Nilidhani kapita kwa bahati, lakini alikuja moja kwa moja kwa baba, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema njia ya juu imekatika.

"Mzee, sasa tunaanza na wa kwako au wa mdogo wako?" akauliza. "Maana jana uliniambia safari za malundo yote mawili."

Baba alimtupia jicho mdogo wake. Alikuwa mbali, kazama mpaka kifuani, maji yanapiga kelele kalavatini. Hakusikia.

"Pakia," baba akasema. "Sasa ni lundo moja."

Mimi nilisikia. Nilikuwa nimeshika mganda unaochuruzika, nikakumbuka lile dirisha lililofungwa na baba akivaa kofia. Nilitaka kusema kitu, lakini mimi ni mtu wa kutaka kusema, si wa kusema. Nikaweka mganda kwenye mkokoteni.

Mvua haikuwa imemalizana nasi. Manyunyu yakaanza tukiwa njiani, na tulipofika nyumbani mama akaona hakuna pa kuweka mpunga wote ule isipokuwa sebuleni. Akachukua ufunguo msumarini. Ulikataa, akautia mafuta ya kupikia, ukakubali. Tukabeba viti vya babu tukavipanga kimoja juu ya kingine, tukakunja vitambaa vya bibi, tukamwaga miganda sakafuni mpaka ikafika usawa wa dirisha. Chumba kikanuka mto.

Hapo ndipo kazi ya ajabu ilipoanza. Baba alikaa kwenye kigoda upande wa mlango wetu, baba mdogo akachuchumaa upande wa mlango wake, na bila kushauriana wakaanza kuuchambua mpunga, suke kwa suke. Ndevu kulia, kipara kushoto. Miganda mingi ilikuwa imefumuka, masuke yamesokotana kama nywele za mtoto aliyeamka.

Mtu angedhani kila mmoja anaogopa kuibiwa. Ilikuwa kinyume. Kila mmoja aliogopa kupewa.

"Shemeji, mwambie huyo hilo fungu lina ndevu, zimekatika tu. Ni lake. Mimi sitaki hata punje yake."

"Mwambie hilo ni kipara. Mimi sijawahi kula jasho la mtu."

Fungu likarudi. Likasukumwa tena. Mama alikuwa amekaa katikati yao, anageuza shingo huku na huku kama mtazamaji wa mpira.

Kusema kweli walikuwa na sababu ya maana pia, na waliieleza, kila mmoja kwa mama. Mbegu zile mbili haziivi pamoja kwenye sufuria. Kipara kinalainika upesi, wa ndevu unataka moto zaidi. Na mpunga uliochanganyika hakuna mfanyabiashara anayeutazama mara mbili. Mama akasema basi tutakula chungu kimoja, nusu uji nusu wali, mwenye meno na asiye nayo wote watashiba. Hakuna aliyecheka, ingawa baba mdogo aliinamisha kichwa haraka.

Kisha, bila kuulizwa, baba mdogo akasema jambo lake. Alisema kwa sauti ya kutosha chumba kizima.

"Shemeji, mimi nikimaliza hapa naondoka. Kuna rafiki yangu kwenye kiwanda cha matofali, ananiita tangu mwaka jana. Mwaka jana jua, mwaka huu maji. Jaruba langu atalima anayetaka."

 Mama akamtazama baba. Mikono ya baba ilisimama, suke la ndevu katikati ya vidole. Nilingoja aseme kitu. Akaliweka suke kulia, akachukua lingine.

Ikawa adhuhuri. Manyunyu yakaendelea, lundo likapungua kidogo tu. Nilipoingiza mkono chini kutoa mganda mwingine nikaurudisha haraka. Ndani kulikuwa na joto, joto la kwapa la mgonjwa. Nikaingiza tena, nikatoa suke. Kwenye punje mbili tatu ncha nyeupe ilikuwa imeanza kuchungulia.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha kilimo mwaka ule, nasubiri kazi. Lakini jambo hili halikuhitaji chuo. Baba na baba mdogo walilijua kabla sijazaliwa: mpunga uliolowa ukilundikwa unajipika wenyewe, na usipoupura na kuuanika unachipua au unaoza. Walilijua kabisa. Walikuwa wanaangalia kitu kingine tu.

Nikamnong'oneza mama. Mama akanitazama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Waambie mwenyewe," akasema kwa sauti ya kawaida. "Mimi leo nimekuwa waya wa simu vya kutosha."

Wote wawili wakainua macho.  Ningeweza kumwambia baba, au kumwambia baba mdogo, lakini kuwaambia wawili kwa pamoja ilikuwa kama kuvuka barabara yenye magari pande mbili. Nikanyosha mkono wenye suke katikati yao.

"Mpunga unapata moto," nikasema. "Umeanza kuota. Tukiendelea hivi, mpaka kesho hakutakuwa na wa ndevu wala kipara."

 Nikaendelea kwa sababu kunyamaza kungekuwa kugumu zaidi. Nikasema wachambue mbegu tu, masuke yale mazuri, kila mtu kikapu kimoja. Mwingine wote tuupure pamoja. Wa kuuza haupo tena, mwaka huu ni wa kula, na tumbo halisomi aina.

Baba alichukua lile suke mkononi mwangu, akalisogeza karibu na macho. Akalipitisha kwa mdogo wake. Hakulipitisha kwa mama. Baba mdogo akalipokea, akalitazama, akasema, "Kweli umeota." Ilikuwa vigumu kujua anamwambia nani.

Tukafanya hivyo. Vikapu viwili vya mbegu vikajaa upesi, maana masuke mazuri hayakuwa mengi. Halafu pipa likaletwa likalazwa hapohapo sebuleni, na ndugu wawili wakasimama huku na huku wakipiga miganda juu yake, mmoja akiinua mwingine anashusha, kwa sababu pipa lilikuwa dogo na wasingefuata zamu wangepigana vichwa. Punje zikaruka mpaka kwenye taa. Mama na mimi tukazoa.

Tatizo likawa pa kuanika. Turubai lilikuwa moja na uani kulikuwa na madimbwi. Baba mdogo alisimama akikuna kichwa, akaenda chumbani kwake, akarudi na bisibisi. Akaanza kufungua bawaba za mlango wake wa sebuleni. Akaung'oa, akaulaza juu ya matofali, akamwaga mpunga juu yake na kuutandaza kwa kiganja. Baba alitazama. Akanyosha mkono kuomba bisibisi, baba mdogo akampa. Mpaka jioni milango yote ya ndani ilikuwa imelala chini imebeba mpunga, hata wa choo, tukatundika kanga. Majiko ya mkaa yakawekwa kwenye pembe, madirisha wazi moshi utoke, na tukawa tunapishana kuugeuza mpunga kwa miguu mitupu, ule wa sakafuni, tukiburuza nyayo taratibu kuacha mistari.

Wakati wote huo walisema machache. Sogeza. Shika huku. Angalia jiko. Yalikuwa maneno ya kazi, na kazi haihesabu nani amemsemesha nani. Kuhusu kiwanda cha matofali hakuna aliyegusa. Lakini nilipopita chumbani kwa baba mdogo kufuata ungo, niliona kupitia mahali palipokuwa na mlango: begi lake lilikuwa kitandani, limefunguliwa, na mashati mawili ndani.

Asubuhi iliyofuata manyunyu yakawa yamekatika. Mpunga ulikuwa na rangi ya kijivu kidogo na haukunukia kama kawaida yake, lakini ukiuma punje ilivunjika badala ya kubonyea. Mama aliukadiria kwa macho, akasema tukila kwa adabu utatufikisha msimu ujao, tusipotembelewa sana.

Baba mdogo alikuwa sebuleni anageuza mpunga kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini, shati safi la safari mwilini. Mimi nilikuwa napepeta mlangoni. Baba akaamka, akapita katikati ya milango iliyolala, akaichukua redio juu ya kabati. Akaiweka dirishani, akaigeuza itazame uani, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Uani hapakuwa na mtu. Mtu alikuwa nyuma ya mgongo wake, na hapakuwa na mlango wala ukuta kati yao. Sauti ya msomaji ilijaa nyumba yote mpaka punje zikaonekana kutetemeka kwenye ungo.

Baba mdogo akasimamisha miguu.

"Kaka," akasema. Mama akatokea jikoni aliposikia neno hilo, mwiko mkononi. "Mwaka mzima unanisimanga kwa redio. Nikipiga mswaki, redio. Nikinawa, redio. Nimesikia la mkuu, nimevunjika guu, nimekubali. Leo naondoka. Siku moja tu huwezi kuniachia?"

Baba aligeuka. Sikuwahi kuona uso wake ukishangaa namna ile.

"Kukusimanga?"

"Sasa unamwekea nani sauti yote hiyo? Wewe si kiziwi."

 Baba akamtazama mama, na kwa mazoea nilidhani atasema mwambie. Mama akageuza uso akatazama sufuria. Baba akanitazama mimi, nami nikainamia ungo wangu, kwa sababu nilijua habari za Breki na nilijua pia kwamba haikuwa zamu yangu.

Akapunguza sauti. Akabaki ameshika kitufe.

"Nakuwekea wewe," akasema. "Tangu lile jua. Kule mferejini nilisema neno baya mbele za watu, na sikujua nilirudisheje. Ungekuja kuniuliza habari za mvua? Usingekuja. Ningekuja kukwambia, ungenifungia. Nikaona redio haina makosa na wewe. Juzi ulipofunga dirisha, nilikwenda kumtafuta Breki atubebee wote wawili. Maji yakatuwahi."

 Baba mdogo alikuwa amesimama katikati ya mpunga, nyayo zimezama, punje zimemganda hadi kwenye vifundo.

Baba akavuta pumzi kama mtu anayeinua gunia.

"Usiende," akasema.